Maswali na Majibu: Full Metal Jacket, kutoka kambini hadi Hue

Tangu nilipoiandikia Full Metal Jacket, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1987 inayowafuata makuruta wa kikosi cha Marine cha Marekani kutoka kambi ya Parris Island, South Carolina, hadi vitani Vietnam, wasomaji wameniletea maoni mengi, mengine ya kuisifu na mengine ya kuilalamikia. Nimechagua machache. Majibu yangu yanautaja mwisho wa filamu waziwazi, hivyo ambaye hajaitazama anaweza kuyaweka kando kwanza.

Swali: Sehemu ya kambini haina mfano, lakini Hartman, yule sajenti mkufunzi, akishakufa filamu inapoa na kutawanyika. Kwa nini Kubrick aliziunganisha filamu mbili zisizohusiana? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Lalamiko hili nimelisikia kuliko jingine lolote, na silikubali. Ni kweli kwamba kambini kila kitu kimenyooka: vitanda, mistari ya makuruta, hata kamera inayorudi nyuma taratibu mbele ya Sajenti Hartman anapolikagua bweni. Vietnam hakuna mstari ulionyooka, na mtazamaji aliyekwisha kuzoea sauti ya sajenti anajikuta amepotea. Lakini vijana wale nao wamepotea vivyo hivyo, kwa maana mtu aliyekuwa akiwaambia lini wale na lini walale hayupo tena.

Nakuomba urudie tukio la sabuni. Leonard Lawrence, kijana mnene na mzito wa kuelewa ambaye sajenti amembandika jina la Pyle, amekutwa na donati katika sanduku lake. Yeye anaamriwa kuila huku wenzake wakipigishwa pushapu kwa kosa lake. Chuki inakua siku hadi siku, mpaka usiku mmoja wanamkandamiza kitandani kwa blanketi, wanamziba mdomo, na mmoja baada ya mwingine wanampiga kwa vipande vya sabuni vilivyofungwa ndani ya taulo. Joker, kuruta mwenzao na mhusika mkuu wa filamu, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumfundisha Pyle na aliyemwonyesha kwa upole namna ya kufunga kamba za viatu, anasita. Kuruta mwingine, Cowboy, anamhimiza. Hapo Joker anapiga, anapiga tena na tena, kisha anapanda kitandani kwake na kuziba masikio ili asisikie kile kilio.

Sasa nenda hadi mwisho, katika jengo linaloungua mjini Hue. Mdunguaji aliyewaua askari watatu wa kundi lile amelala sakafuni akiwa na majeraha. Ni msichana, na anaomba wammalizie. Askari wenzake Joker wamesimama kumzunguka wakingoja atakachofanya. Anasita tena, na tena anafanya, safari hii kwa bastola. Matukio haya mawili ni pacha, na anayelitazama la pili bila kulikumbuka la kwanza ameipoteza nusu ya filamu. Nitakubaliana nawe katika jambo moja tu: katikati, hasa katika mandhari ya mitaani na katika ofisi ya gazeti la jeshi kule Da Nang, kuna dakika zinazopwaya.

Swali: Ni kweli kwamba aliyeigiza Hartman alikuwa mwanajeshi hasa? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ni kweli. R. Lee Ermey alikuwa mkufunzi wa makuruta wa Marine kule San Diego, California, katika miaka ya 1960, kisha akapelekwa Vietnam. Kubrick alimchukua kwanza kama mshauri tu, kwani nafasi ya sajenti alikuwa amekwisha kuipata Tim Colceri. Ermey akatengeneza mkanda wake wa majaribio, akimwaga matusi mfululizo bila kusita huku akirushiwa machungwa na mipira ya tenisi, na nafasi ikahamia kwake. Colceri alipewa nafasi fupi ya yule mpiga bunduki wa helikopta anayewafyatulia risasi wakulima mashambani, na ingawa inapita haraka, binafsi sijaweza kuisahau. Kubrick mwenyewe alieleza kwamba karibu nusu ya maneno ya Hartman, hasa matusi, yalitoka kwa Ermey. Kwa muongozaji aliyesifika kwa kurudia tukio moja mara nyingi mpaka litoke kama alivyotaka, kumwachia mwigizaji uhuru wa namna hiyo si jambo dogo.

Swali: Nilipita JKT kwa mujibu wa sheria. Mchakamchaka, chenja, kelele za maafande, hayo yote niliyatambua katika filamu hii. Lakini kupiga na kukaba koo? Je, Kubrick hakutia chumvi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Nimefurahi kwamba umezitambua zile nyimbo za kukimbia, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kuwa mafunzo ya namna hii yana upande wa pili: vijana wasiofahamiana wanajifunza kupumua kwa pamoja, na hilo huwa na raha yake ya kweli. Filamu haiufichi upande huo.

Kuhusu kupiga, kanuni za kikosi cha Marine zilikuwa zikikataza, na Parris Island ilikuwa na sababu chungu ya kuzikumbuka kanuni hizo. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, sajenti mmoja aliwaongoza makuruta wake kuingia katika kijito cha Ribbon Creek, ndani ya eneo la kambi hiyo, ili kuwatia adabu. Makuruta 6 walikufa maji. Sajenti alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na usimamizi wa wakufunzi ukakazwa. Hata hivyo, tabia za bweni hazibadiliki kwa waraka peke yake. Tena miaka ile ya vita jeshi lilikuwa na njaa ya watu: mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alianzisha mpango wa kuwapokea vijana ambao hapo awali wangekataliwa kwa kushindwa mitihani ya akili, na zaidi ya 300,000 waliingizwa jeshini kwa njia hiyo. Filamu haiutaji mpango huo, lakini kila nimtazamapo Pyle akitembea nyuma ya wenzake, suruali imeshushwa na kidole gumba kimo mdomoni, nawafikiria vijana hao.

Swali: Ilipigiwa wapi? Vietnam hasa? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Hapana, Uingereza. Hue ni kiwanda chakavu cha gesi cha Beckton, mashariki ya London, kilichokuwa kimepangwa kubomolewa; minazi na mitende ililetwa kutoka nje ya nchi.

Swali: Jina la filamu lina maana gani? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Ni aina ya risasi, ambayo kiini chake cha madini laini ya risasi kimevikwa ganda la metali ngumu zaidi. Ndizo Pyle anazozishika chooni usiku ule wa mwisho wa mafunzo, anapomwua Hartman kisha kujiua.

Swali: Wanangu wanamwigiza Hartman na kucheka. Filamu hii inaipinga vita au inaitukuza? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Kicheko chao hakinishangazi, kwani tunacheka sote mwanzoni, hata Pyle anashindwa kuzuia tabasamu, na adhabu ya tabasamu hilo ni kukabwa koo. Keti nao, uwaambie watazame macho ya Pyle badala ya kumtazama Hartman. Mimi naamini inaipinga vita. Doa ninaloliona liko kwingine: Wavietnamu wanapewa nafasi finyu mno, na wanawake wao karibu wote ni makahaba, isipokuwa yule msichana mwenye bunduki, ambaye tunamfahamu kwa dakika chache tu kabla ya kufa kwake.

Swali: Kwa nini wanaondoka wakiimba wimbo wa watoto? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Ni wimbo wa kipindi cha televisheni cha Mickey Mouse, kilichoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1955. Piga hesabu: askari wa miaka 20 mwanzoni mwa mwaka 1968, wakati wa mapigano ya Hue, alikuwa na miaka 7 au 8 kipindi kilipoanza. Wanaimba wanachokijua wote kwa moyo, kama walivyoimba kambini wakikimbia. Jina hilo la Mickey Mouse, zaidi ya hayo, Hartman alilipayuka kwa hasira alipoingia chooni, muda mfupi kabla ya kupigwa risasi. Usiku huohuo Pyle alimwambia Joker kwamba yumo katika dunia ya uchafu, kwa kulitafsiri neno lake kwa heshima. Sasa msikilize Joker wakati moto unawaka nyuma yao na wimbo unaendelea: anayarudia maneno hayohayo ya Pyle, kisha anaongeza kwamba yu hai, na kwamba haogopi.