Binti yangu yuko "parish" Uingereza, ndo kanisani?

SWALI: Asalaam aleikum wanangu. Binti yangu kaenda Uingereza kutunza wazee, kijijini kabisa, kila akipiga simu aniambia yuko parish sijui ya wapi, na mie nijuavyo parokia ni mambo ya padri, sisi Waislamu. Halafu analia na usafiri, basi lapita mara mbili kwa siku, Jumapili hamna, na kibanda cha kituoni chavuja. Amlalamikie nani?
Mama, Chumbageni, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam mama, na shikamoo. Toa wasiwasi, hajaingizwa kanisani. Zamani kweli parish lilikuwa eneo la kanisa, na kanisa ndo lilisimamia hata masikini na barabara za kijiji, ila sheria ya 1894 ikatenganisha, mambo ya serikali wakapewa watu wanaopigiwa kura, kanisa likabaki na ibada zake. Kwa hiyo we chukulia ni kama serikali ya kijiji kule Muheza au Pangani, ngazi ya chini kabisa. Madiwani wake hawapungui 5, wengi hawalipwi chochote, na hela za kazi zinatoka kwenye kodi ya nyumba.

Sasa kwenye usafiri wa basi ndo penye shida. Reli nyingi za vijijini zilifungwa miaka ya 1960, halafu toka 1986, ukitoa London, makampuni binafsi yakaachiwa yajichagulie njia, na mama unajua mwenye daladala hapeleki gari pasipo abiria, kule ni hivyo hivyo. Njia isiyolipa inaendelea tu kama halmashauri ya juu, mara nyingi kaunti, yaani kama mkoa, inaongezea hela. Kwa hiyo habari ya basi akalalamike kaunti, ila kibanda kinachovuja aanze na parish maana vibanda vingi ni vyao.

Mimi nimewahi kuishi kijiji cha huko, mashamba matupu, nyumba chache, na karibu na kituo kuna ubao una kioo kama kabati la vyombo, ndani wamebana karatasi kwa pini, siku ya kikao cha parish, ajenda, jina na simu ya karani wake. Mwambie asiupite ule ubao! Vikao viko wazi kwa yeyote, aingie akae, na mara nyingi wanatenga dakika kadhaa wananchi waseme. Tena Tanzania tuko Jumuiya ya Madola, kwa hiyo akiwa na kibali halali cha kuishi anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura kule, wengi wetu hawalijui hili na inaniuma sana.

Kwa Jumapili amuulize huyo karani kama kuna gari la kujitolea, vijiji vingi vinayo, unapiga simu siku kabla, dereva ni jirani tu wa pale, anakufuata mpaka mlangoni.