Wati nane zinatosha?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimerithi amplifaya ya valvu ya wati 8. Kwenye spika zangu, taarabu inasikika kama imefunikwa blanketi. Rafiki ananiambia nitafute spika za honi. Si zile za msikitini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Ni ndugu zao. Ukimwita mtu wa mbali unaweka viganja mdomoni. Honi inafanya hivyohivyo, inausaidia utando mdogo wa spika kusukuma hewa nyingi bila kuhangaika. Klipschorn, spika ya honi inayoundwa Hope, Arkansas, Marekani, tangu 1946, imeandikwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 105 kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika za kawaida ni kama 87. Kila desibeli 3 unazopungukiwa, wati zinazidishwa mara mbili, kwa hiyo wati 1 kwenye Klipschorn ni sawa na 64 kwenye spika za kawaida! Nilipoisikiliza, kijiti kilipogonga ukingo wa ngoma nilipepesa macho.

Ila spika hiyo ina ukubwa wa kabati na inataka kona ya chumba, kwani kuta zenyewe ndizo zinazomalizia honi ya besi. Na mvumo wowote wa amplifaya yako utausikia wote. Kagua kapasita zake (vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme) kwanza.