Jibu: Gegedu la maabara kwa goti la bi mkubwa
Ndugu yangu wa Wete, mpe pole bi mkubwa. Unauliza vipi eksirei itoke safi na goti bado lauma, na kama gegedu (ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) la kuoteshwa maabara litamfaa. Eksirei huonesha mfupa. Gegedu lenyewe huonekana kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichanika haliponi vizuri. Tiba ya MACI, iliyoidhinishwa Marekani 2016, huotesha seli za mgonjwa mwenyewe juu ya utando wa kolajeni (aina ya protini), kisha hupandikizwa gotini. Lakini hiyo ni ya jeraha la pahala pamoja tu, mathalan kijana aliyeanguka mkarafuuni. Goti lililolika lote kwa umri, wallahi siyo tiba yake. Aanze mazoezi ya mapaja, na nazi akune mwengine: kukaa juu ya mbuzi hulibana mno goti. Likivimba na kuwa la moto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.