Charizard yuko levo 58, wenzake je?

Mwezi huu barua nyingi zilizokuja ni za Pokémon, zile gemu za kulea timu ya viumbe na kuwapiganisha, na karibu zote zinauliza kitu kilekile, timu inapandishwaje levo bila mmoja kukimbia peke yake. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndo shida ya wengi.

Swali: Kaka habari za kazi. Nacheza FireRed kwenye simu, nimefika Elite Four, wale wakali wanne wa mwisho, ila nakwama palepale mlangoni kwa Lorelei, wa kwanza wao. Charizard wangu ana levo 58, halafu Dugtrio 31, Snorlax 30, Pidgeotto 27, Lapras 25 na Pikachu 24. Nimeamua wote sita wafike 58 ndo nirudi, nimeanza na Pidgeotto kwenye nyasi lakini inaenda taratibu mpaka nachoka. Kuna njia ya mkato?
Dogo wa Tabata, Dar es Salaam

Jibu: Nzuri tu mdogo wangu. Kwanza hiyo 58 isahau. Pokémon wa Lorelei kwenye FireRed wana levo 51 hadi 54, yaani Charizard wako amewazidi wote na bado anapigwa. Anapigwa kwa sababu Dewgong, Cloyster, Slowbro na Lapras wote ni wa maji na yeye ni moto, hata ukimfikisha 65 utakuwa unabahatisha tu. Anabaki Jynx peke yake, huyo ndo umwachie Charizard. Wale wanne wa maji dawa yao ni Pikachu, ambaye wewe umemweka benchi toka Viridian Forest.

Sasa tuje kwenye hesabu maana hapa ndo watu wengi hawapaangalii. Charizard wa levo 58 amekula pointi 189,334 za Exp., zile za kupandisha levo. Alipokuwa levo 40 alikuwa na 56,660. Kwa hiyo zile levo 18 za juu peke yake zimemeza pointi 132,674, na ukumbuke kumtoa Pikachu 24 mpaka 40 kunagharimu 50,176 tu. Kwa pointi ulizomwaga kwa Charizard toka 40 kwenda juu ungewainua wawili wa aina ya Pikachu mpaka 40 na zaidi ya 32,000 zikabaki. Kila levo ya juu ni ghali kuliko ya chini yake, na kwenye FireRed adui anatoa pointi zilezile bila kujali anayempiga ana levo ngapi, kwa hiyo wadogo wanapanda haraka sana ukiwapa nafasi. Umechoka kwa sababu umepanga kuwapeleka wote mpaka kule kwenye levo za bei mbaya.

Mimi ningekata timu. Pidgeotto apumzike, Charizard anaruka pia so huna unachokosa. Kazi nzito wape Charizard, Pikachu na Lapras, Snorlax awe ukuta wa kukupa muda wa kunywesha dawa wenzake, Dugtrio abaki alivyo. Pikachu, Lapras na Snorlax wafike 47 hadi 50 basi. Pikachu akigonga 26 anajifunza Thunderbolt, subiri hapo ndo umpe Thunder Stone awe Raichu (jiwe linauzwa dukani Celadon), ukimpa kabla anaipoteza maana Raichu wa jiwe hajifunzi tena mashambulizi mapya kwa kupanda levo. Lapras naye ana levo 25, akifika 31 anapata Ice Beam, na kwa Lance, wa mwisho wa wale wanne, utaona faida yake, Dragonite wa levo 60 barafu inamuumiza mara nne. Gyarados wa Lance mwachie Raichu, naye umeme unamuumiza mara nne vilevile.

Njia ya kuwapandisha. Nyasi achana nazo. Kama hukukichukua kile kifaa cha VS Seeker rudi mji wa Vermilion, kuna mwanamke ndani ya Pokémon Center (pale wanapotibiwa) anakupa bure. Ukitembea hatua 100 inajaa, ukiibonyeza wale matrena (wafugaji wa Pokémon ndani ya gemu) uliowahi kuwapiga wanataka marudio. Pokémon wa trena anatoa pointi mara moja na nusu kuliko wa mwituni, na hela juu, ambayo utaihitaji maana Elite Four ni mapambano matano mfululizo ukihesabu na bingwa anayewafuata na hakuna Pokémon Center katikati, ni dawa zako tu. Mpeleke Pikachu kwa wavuvi wa Route 12 na waogeleaji kule kusini mwa Fuchsia, wamejaza Pokémon wa maji, anawapiga mwenyewe bila kushikwa mkono. Hiyo ndo bora kuliko zote kwa maoni yangu kwa sababu pointi zote zinakuwa zake.

Pale ambapo mdogo hawezi kupiga mwenyewe unamtanguliza mbele, pambano likianza unamtoa unaingiza mkubwa. Mfano Onix wa mwituni wa levo 42 anatoa pointi 648. Charizard akimpiga peke yake anachukua zote. Ukimtanguliza Lapras halafu ukaingiza Charizard, kila mmoja anapata 324. Na kama una Exp. Share, kifaa cha kugawa pointi, umemshikisha Lapras, nusu ya 648 inaenda kwake kwa kushika tu, nusu nyingine wanagawana waliopigana, kwa hiyo akitangulia na kushika anatoka na 486 na Charizard anabaki na 162. Hapo mdogo anakula mara tatu ya mkubwa bila kurusha hata shambulizi moja. Exp. Share kwenye FireRed anatoa msaidizi wa Profesa Oak pale Route 15, ila lazima uwe umeshakamata aina 50, najua wengi wanaishia 30 na kitu wanakata tamaa. Kitu kimoja cha kuangalia, akizimia kabla pambano halijaisha hapati kitu, kwa hiyo usimweke Lapras mbele ya adui wa umeme ukategemea ataponea bahati.

Na spidi ya kukimbiza gemu ambayo simu inakupa haibadilishi mgao, unamaliza haraka tu kosa lilelile.

Swali: Niaje kaka. Mimi nacheza Sword kwa Switch ya cousin, shida yangu ni kinyume, timu yote inapanda pamoja hata wale sijawatumia, nimefika kwa gym leader nikampiga na hits mbili mbili, haina raha. Nazima wapi hii Exp. Share?
Wa Umoja, Nairobi

Jibu: Poa sana. Haizimiki bro, ndo hivyo. Kwenye X na Y za 2013 ilikuwa kitu cha kuwasha na kuzima, aliyepigana anapata zote na waliokaa wanapata nusu, mimi naona ule ndo ulikuwa mpango mzuri kuliko yote waliyowahi kufanya. Sword na Shield za 2019 wakaondoa swichi, inafanya kazi muda wote, na mashabiki walilalamika kwelikweli.

Unachoweza kufanya ni kubeba wengi. Sword inakuruhusu kufungua maboksi (ghala la Pokémon wako) ukiwa njiani, so lea tisa au kumi badala ya sita, aliyezidi mrudishe boksi ulete aliyechelewa. Aliye boksi hapati pointi. Halafu kwenye gemu hii mwenye levo ndogo mbele ya adui mkubwa anapewa pointi nyingi zaidi, na aliyemzidi adui anapunguziwa, kwa hiyo anayeingia akiwa nyuma anawafikia wenzake haraka. Kumbuka kukamata pia kunatoa pointi kwa timu nzima, kama wewe ni mtu wa kukamata kila unachokiona huko Wild Area, hapo ndo levo zako zinapotokea. Na zile Exp. Candy, peremende za pointi unazopata kwenye mapambano ya Max Raid, usiwape kabisa, XL moja ni pointi 30,000, waachie watakaobaki nyuma mwishoni.

Swali: Assalam aleikum shekhe. Dratini na Pikachu niliwaanza pamoja, kila pambano nawagawia sawasawa, tena naandika kwenye daftari, lakini Dratini yuko nyuma kila siku. Gemu yangu imeharibika ama?
Wa Likoni, Mombasa

Jibu: Waaleikum salaam shekhe, gemu yako nzima na daftari lako liko sawa. Levo hazina bei moja. Pikachu kufika 50 anahitaji pointi 125,000, Dratini anahitaji 156,250, Clefairy yeye 100,000 zinamtosha. Ukiwapa Pikachu na Dratini pointi sawasawa kabisa, siku Pikachu anafika 50 Dratini yuko 46. Kwa hiyo kwenye daftari linganisha pointi, ziko kwenye ukurasa wa taarifa za kila Pokémon, levo isikusumbue. Wazito wengine wa kundi la Dratini ni Snorlax, Lapras, Magikarp na Larvitar, hao wote 1,250,000 mpaka wafike 100.

Hili ndo linaeleza pia kwa nini yule wa kwanza uliyepewa na profesa anamwacha kila mtu nyuma. Watu wanadhani ni upendeleo wao tu. Charmander na ndugu zake wa kuanzia wana mpangilio wao, levo 20 wanaifikia kwa pointi 5,460, Pikachu kwa 8,000, Dratini kwa 10,000. Yaani hata ungegawa kwa mizani wa kuanzia angetangulia. Baada ya kupita levo 67 hivi mambo yanageuka, yeye ndo anakuwa ghali kuliko Pikachu, mpaka 100 anataka 1,059,860 na Pikachu milioni moja kamili, lakini huko hadithi ya gemu imeshaisha zamani.

Dratini mvumilie. Anageuka levo 30, halafu 55 ndo anakuwa Dragonite, so kama unataka tu kumaliza hadithi atakuchelewesha. Mimi ningemfuga pembeni.

Swali: Kaka mkubwa anapenda kunicheka, basi akanionea huruma akanipa Blastoise wake wa levo 52 kwenye LeafGreen, mimi nina beji mbili. Nikimwambia ashambulie analala au anageuka pembeni. Nilitaka anisaidie kuwapandisha wengine.
Mdogo mtu, Morogoro

Jibu: Pole mdogo wangu, Pokémon wa kubadilishana, yaani aliyetoka kwa mchezaji mwingine, hamtii mwenye beji chache (beji unapewa ukimpiga gym leader). Bila beji mwisho wake ni levo 10, ukiwa na beji ya Cascade ya Misty ni 30, Rainbow ya Erika ni 50, Marsh ya Sabrina ni 70, na Earth ndo wote wanatii. Huyo wa 52 hata kwa Erika bado atakusumbua, mweke ghalani kwenye PC mpaka umalize na Sabrina.

Mwombe kaka akupe mdogo, wa levo 5 hadi 10. Wa kubadilishana anapata pointi mara moja na nusu kwa kila pambano, kwa hiyo anakua haraka kuliko uliowakamata mwenyewe na anakutii ilimradi usimpitishe kiwango cha beji zako. Kaka akikataa nenda Vermilion, kuna nyumba wanachukua Spearow wanakupa Farfetch'd, naye anahesabika wa kubadilishana. Anakuja na levo ileile ya Spearow uliyemtoa, kwa hiyo mpandishe Spearow kidogo kwanza ndo uende.