Nyumba ya mchungaji kuitwa "manse": neno lilitoka wapi?

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa katika parishi ya Kipresbiteri hapa Kenya. Tumeanza kuchanga pesa za kujenga manse mpya kwa sababu ya zamani inavuja. Mkutanoni kijana mmoja alisimama akasema manse ni kifupi cha "mansion", yaani jumba la kifahari, na kwamba si haki waumini wamjengee mchungaji jumba. Alipigiwa makofi, nami nikakosa la kumjibu. Je, ni kweli? Na katika kumbukumbu za kikao, ambazo tunaziandika kwa Kiswahili, tuiite nini nyumba hii?

JIBU: Mzee wangu, asante kwa swali. Kazi yangu ni kamusi na tafsiri, na mara chache hupata neno linalogusa mfuko wa watu kama hili.

Kijana wenu amekosea, ingawa si kwa mbali. Manse na mansion ni ndugu wa tumbo moja, lakini hakuna aliyemzaa mwenzake, wala manse si kifupi cha chochote. Mama yao ni kitenzi cha Kilatini "manere", maana yake kukaa, kubaki mahali. Sisi wa Kiswahili tunalielewa jambo hili bila shida: kutoka "kaa" tumepata makao, makazi, mkazi. Walatini walifanya vivyo hivyo. Kutoka manere walipata "mansio", makao au mahali pa msafiri kulala, na katika Zama za Kati wakapata "mansus". Mansio ilipopita katika midomo ya watu wa Ufaransa ikawa "maison", nyumba ya mtu yeyote, hata ya fukara. Ilipopita kwenye kalamu za wasomi ikawa mansion. Mansus nayo ikawa "mas" kusini mwa Ufaransa, ambako hadi leo ni nyumba ya shambani, na kule Uskoti ikawa manse.

Hiyo mansus ndiyo ya kutazama kwa karibu, kwa kuwa haikuwa nyumba peke yake. Ilikuwa nyumba pamoja na ardhi ya kutosha familia moja kula. Mwanzoni mwa karne ya 9, watawa wa Saint-Germain-des-Prés, Paris, waliandika daftari la mashamba yao wakihesabu mansus moja baada ya nyingine: nani anakaa hapo, mkewe nani, watoto wangapi, ardhi kiasi gani, na anadaiwa nini kwa mwaka. Ukisoma daftari lile unakutana tena na tena na deni la kuku 3 na mayai 15. Hayo ndiyo mazingira neno hili lilimokulia. Lilikuwa neno la mkulima na deni lake la kuku.

Je, lilifikaje kwa mchungaji? Katika sheria za kanisa alizotoa mwaka 818 na 819, Kaizari Louis Mcha Mungu wa Wafaranki aliagiza kila kanisa litengewe mansus moja nzima ambayo haidaiwi kazi wala malipo na bwana mwenye ardhi. Padri alipaswa kulima na kula bila kumtumikia mkubwa wa pale. Tangu hapo mansus na mtumishi wa kanisa wakawa wanatajwa pamoja katika hati za Kilatini za Ulaya Magharibi.

Katika Kiskoti neno linaonekana mwishoni mwa karne ya 15, na hapa lazima niwe mkweli kwenu: mwanzoni liliweza kumaanisha nyumba kuu ya mwenye shamba kubwa. Kijana wenu angekuwa na hoja kama angeishi wakati huo. Lakini upande wa kanisa lilikuwa tayari kazini. Wakleri, yaani mapadri wenye vyeo, wa makanisa makuu walikuwa na manse zao kuzunguka kanisa, kila mmoja na yake. Pale Glasgow bado imesimama nyumba ya mawe iitwayo Provand's Lordship, iliyojengwa 1471 kama sehemu ya hospitali ya maskini, kisha ikawa makao ya mmoja wa wakleri hao.

Mwaka 1560 Uskoti ikaacha Ukatoliki, na mara swali likawa kama lenu: mchungaji mpya atalala wapi? Nyumba nyingi za mapadri zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Bunge la 1563 likaamua kwamba mhudumu wa kanisa apewe manse ya padri wa zamani, au sehemu yake inayomtosha, na kama hakuna, ajengewe nyumba ya kadiri. Tangu hapo maana nyingine zikafifia na manse ikabaki kuwa nyumba ya mchungaji. Kule Anstruther, mji wa wavuvi katika jimbo la Fife, bado ipo manse aliyojengewa mchungaji James Melville kuanzia 1590. Juu ukutani limewekwa jiwe lililochongwa maneno yenye maana ya mnara wa mlinzi.

Lakini sheria ambayo ningependa uisome mbele ya mkutano wenu ni ya 1663. Iliwatwisha wenye ardhi wa kila parishi mzigo wa kujenga manse, na ikaweka mipaka ya gharama: isipungue merki 500, isizidi paundi 1,000. Msiogope hiyo elfu. Hizo zilikuwa paundi za Kiskoti, na 12 kati yake ndizo zilifanya paundi moja ya Uingereza. Kwa hiyo kiwango cha juu kilikuwa kama paundi 83 za Kiingereza, na cha chini, kwa kuwa merki ilikuwa theluthi mbili ya paundi ya Kiskoti, hakikufika 28. Sheria hiyohiyo ilimpa mchungaji malisho ya farasi mmoja na ng'ombe wawili, mbali na shamba lake la kanisa. Soma vizuri: waliweka kiwango cha chini ili wenye mali wasimtupe mchungaji kibandani, na kiwango cha juu ili naye asiwaelemee. Mzigo huo wa wenye ardhi uliondolewa kwa sheria ya 1925, na mali hizo zikahamia mikononi mwa kanisa lenyewe.

Kuna jambo lingine la kumwambia kijana: manse haikuwa mali ya anayeilalia. Mwezi wa Mei 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka kwa ugomvi wa nani ana haki ya kuchagua mchungaji, na wachungaji 474 wakatia saini kuondoka. Walipoacha kazi waliacha na manse. Familia zilifunga mizigo zikatafuta pa kulala, nyingine hazina hata chumba cha kupanga. Mimi kila nikisoma habari za mwaka ule huwafikiria watoto waliohamishwa nyumba waliyozaliwa kwa sababu baba alishika neno lake.

Na mansion je? Yenyewe ilipanda cheo polepole Uingereza, ikawa nyumba ya bwana, kisha jumba. Ila Biblia ya Kiingereza ya 1611 imehifadhi maana ya kale. Pale Yohana 14:2 wao wameandika "many mansions", nasi katika Biblia yetu ya Kiswahili tunasoma "Nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi". Neno la Kigiriki lililo chini yake linatokana na kitenzi cha kubaki, kukaa. Watafsiri wetu walipata neno barabara kabisa, na hakuna Mswahili anayesoma mstari ule akawaza majumba ya kifahari.

Onyo dogo kwa watakaoendelea kuchimba: mashamba mengi ya Uskoti yana neno "Mains" katika majina yao. Hilo halina undugu na manse. Limetokana na "demesne", shamba ambalo bwana alijiwekea mwenyewe.

Hapa kwetu neno lilikuja na wenyewe. Misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi 1891, ikahamia Kikuyu 1898, mahali ambapo wenyeji walipaita Thogoto kwa kutamka neno "Scot" kwa ulimi wao. Waanglikana na Wakatoliki walileta majina yao ya nyumba za watumishi. Wapresbiteri wakabaki na manse, kama walivyobaki nalo wenzao Marekani: rais Woodrow Wilson alizaliwa 1856 ndani ya manse ya Staunton, Virginia, maana baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri.

Kuhusu kumbukumbu zenu, andikeni "nyumba ya mchungaji". Ni neno ambalo kila mtu analielewa na halina utata. Mkitaka lenye uzito zaidi, "makao ya mchungaji" yanabeba maana ya Kilatini karibu neno kwa neno. Msiandike jumba wala kasri. Hati za ardhi na barua za presbiteri, yaani baraza lililo juu ya parishi, zikitumia manse, iachieni palepale, kisha mara ya kwanza mweke maelezo: "manse, yaani nyumba ya parishi anamokaa mchungaji akiwa katika huduma hapa." Maneno "ya parishi" yasikosekane.

Kijana naye mpeni nafasi katika kamati ya ujenzi. Aliuliza bei, na hata bunge la 1663 liliuliza bei. Wekeni kiwango cha juu na cha chini, vyote viwili, viandikwe kabla ya fundi kuitwa. Na kama kiwanja kinaruhusu, acheni kipande cha kulima sukuma na kufugia kuku. Hiyo ndiyo sehemu ya kale kuliko zote katika neno hili.