Mkurugenzi, usitawanye CV kwa kila wakala

Ndugu yangu, unasema ulituma CV kwa mawakala sita wa ajira hapa Nairobi na hakuna aliyekupigia simu. Kimya hicho si dharau. Wakala hulipwa na kampuni inayoajiri. Anatafuta mtu wa kujaza nafasi aliyopewa, hakutafutii wewe kazi. Chagua wawili au watatu wanaoijua sekta yako, uwaandikie mistari mitano tu: cheo chako, bajeti na timu uliyoongoza, matokeo mawili yenye tarakimu, mshahara unaoutaka na muda wa notisi unaopaswa kumpa mwajiri wako wa sasa. Mshahara usiufiche. Ni hapo watu wazuri huangukia, tena hatua ya mwisho.

Mwambie kila wakala asipeleke jina lako popote bila idhini yako, nawe uandike kila kampuni aliyokupeleka. Mawakala wawili wakiwasilisha CV yako kwa mwajiri mmoja, wataanza kugombania ada, na mwajiri mara nyingi huamua kukuacha ili aepuke mzozo. Inauma, na inazuilika kabisa.

Ukilenga mashirika ya umma, tayarisha mapema vyeti vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa elimu ya juu), EACC (maadili na kupambana na rushwa), DCI (mwenendo mwema) na CRB (historia ya mikopo). Anayekudai pesa ili akufikishe kwa mwajiri, achana naye siku hiyo hiyo.