Nyota yangu ya nyutroni iliyokuwa nyepesi kuliko hewa

Nyota yangu ya kwanza ya nyutroni (masalio yaliyobanana mno ya nyota kubwa iliyolipuka) ilitoka kwenye hesabu zangu nyepesi kuliko hewa. Sitanii. Daftari lilisema 2.7 × 10⁻¹³ kg/m³, na hewa tunayovuta ina kama 1.2. Namba niliyoanzia haikuwa na kasoro, 150 MeV/fm³, yaani nishati ya megaelektronivolti (MeV) 150 ndani ya kila femtomita ya ujazo (fm³). Kilichoniangusha ni kuandika kwamba fm³ moja ni 10⁻¹⁵ m³. Femtomita ndiyo 10⁻¹⁵ m. Ukiipeleka kwenye ujazo, kipeo cha tatu hakiishii kwenye mita, kinapanda hadi kwenye ile 10⁻¹⁵ pia, unapata 10⁻⁴⁵ m³.

Kama ndiyo kwanza unaanza, kosa la namna hiyo lisikunyime usingizi. Ukikosea mara 10³⁰, jibu lenyewe linakucheka usoni. La kuogopa ni kosa la mara elfu moja au elfu kumi, kwa sababu kwenye densiti hizi kila namba ni kubwa na jicho huchoka kushangaa.

Tuifanye polepole. MeV 1 ni jouli 1.602 × 10⁻¹³. Gawa kwa 10⁻⁴⁵ m³, unapata 1.602 × 10³² J/m³. Hapo bado una densiti ya nishati. Ukitaka ya masi, gawa kwa c², yaani kasi ya mwanga kipeo cha pili, 8.988 × 10¹⁶ m²/s², ubaki na 1.783 × 10¹⁵ kg/m³. Zidisha kwa 150, inakuja 2.7 × 10¹⁷ kg/m³, ambayo ni densiti ya ndani ya kiini cha atomu. Hiyo 150 nayo haikuanguka kutoka mbinguni: ndani ya kiini kuna nukleoni (protoni na nyutroni) 0.16 hivi kwa kila fm³, na kila moja ina nishati ya karibu MeV 939. Ukikuta jedwali limeandika 0.16 tu, ujue ni idadi ya nukleoni; bado haijawa nishati wala masi. Wanafunzi wengi huchanganya hizo tatu kwa sababu vitabu vingi huziita zote densiti bila kufafanua.

Sasa kosa lenye sumu. Watu wa nyota wengi bado wanatumia gramu na sentimita. Huko nishati hupimwa kwa erg (jouli 10⁻⁷), na MeV/fm³ moja ni 1.602 × 10³³ erg/cm³, au 1.783 × 10¹² g/cm³. Siku moja nilikuwa na erg/cm³ zangu safi kabisa, nikagawa kwa c² niliyoizoea, ile ya mita, badala ya 8.988 × 10²⁰ cm²/s². Nikapata 2.7 × 10¹⁸ g/cm³ mahali pa 2.7 × 10¹⁴. Namba kubwa, mada ni nyutroni, nani atahoji? Nililibeba jibu hilo wiki nzima, na grafu nikachora.

Ningekuwa na ngazi kichwani lingenishtua palepale. Kwa g/cm³: maji 1, metali ya osmi 22.6, kitovu cha Jua kama 150, nyota kibete nyeupe (masalio ya nyota kama Jua) kwenye 10⁶, kiini cha atomu 2.7 × 10¹⁴, na kitovu cha nyota ya nyutroni ni kwenye 10¹⁵. Kutoka kiini hadi kitovu cha nyota hiyo hata mara kumi ni shida kufika. Hiyo 10¹⁸ haina pa kukaa.

Kuhusu g/cm³ kwenda kg/m³, ni kuzidisha kwa 1000. Ukisahau kama ni kuzidisha au kugawa, geuza maji kwanza: mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, kilo elfu. Sisemi zaidi.

Na kanieneo, yaani shinikizo. Nacho huandikwa kwa MeV/fm³, na ukikitaka kwa paskali usiguse c² hata kidogo: MeV/fm³ moja ni 1.602 × 10³² Pa, basi.

Mimi siku hizi siamini jibu mpaka nilifikie kwa njia ya pili isiyopita kwenye femtomita. Chukua nyota yenye masi ya Jua mara 1.4 na nusukipenyo cha kilomita 12. Masi ni 2.79 × 10³⁰ kg. Ujazo ni kilomita za ujazo 7,238, na kila moja ni 10⁹ m³ (siyo 10³, lile kosa letu la kipeo cha tatu limerudi), kwa hiyo 7.24 × 10¹² m³. Gawanya: 3.85 × 10¹⁷ kg/m³, sawa na MeV/fm³ kama 216. Wastani wa nyota nzima umekaa juu kidogo ya kiini cha atomu. Ndivyo nilivyogundua ile grafu ya wiki nzima ilikuwa juu mara elfu kumi, nikaichana.